Kadi Yangu Ilitibiwa Igunga, Mimi Nikiwa Tabora

"Atakuwa amesahau, daktari. Maumivu yamemzidi."

Hiyo kauli aliitoa mume wangu. Wa ndoa. Ya kanisani, na picha tulipiga.

Aliitoa akiwa amesimama pembeni ya kitanda, kanishikia mkoba, mimi nimejikunja, jasho linanitoka, tumbo limenikaza hata pumzi sivuti vizuri.

Na alikuwa anajua kabisa kwamba sijasahau kitu…

Kaeni vizuri niwasimulie. Najua kuna watakaonitukana kwenye komenti, sawa, tukaneni, ila someni mpaka mwisho kwanza.

Naitwa Apolinaria. Naishi Ng'ambo, hapa hapa Tabora mjini. Nafanya kazi hospitali, ila sichomi mtu sindano. Mimi ni mtu wa kodi.

Sio kodi ya nyumba, nyie. Kodi za magonjwa. Daktari akiandika mgonjwa anaumwa nini, mimi naugeuza huo ugonjwa kuwa herufi na namba, ndipo bima wanalipa. Kila ugonjwa una namba yake. Nimezikariri mpaka Damas alikuwa ananitania, eti hata ndoto naota kwa namba.

Damas ndiye huyo mume. Kwao Ipole, ukoo mzima wafuga nyuki. Yeye analeta asali mjini kwenye duka lake, nyingine anaipeleka Igunga, akirudi anarudi na mchele. Mpole, hanywi, hapigi. Miaka mitano ya ndoa hatujapata mtoto na hajawahi kunisimanga hata siku moja.

Ndiyo maana iliniuma vile.

Siku hiyo tumbo la chini lilinikamata upande wa kulia tangu asubuhi. Hospitali ninayofanyia kazi sikutaka kwenda. Wale nawajua. Ukiumwa tumbo asubuhi, kufika mchana ofisi nzima imeshakupa mimba na imeshaitoa.

Nikamwambia Damas anipeleke kliniki moja ya binafsi jirani na nyumbani. Ina tawi lingine Igunga, na kompyuta zao zinasomana.

Daktari alikuwa kijana, anaitwa Ezekia. Akaingiza kadi yangu ya bima, akasoma, akakunja uso.

"Dada, zile dawa za Igunga ulizimaliza?"

"Dawa gani?"

"Za wiki iliyopita."

"Mimi Igunga sijafika tangu Pasaka."

Akanigeuzia kompyuta nione.

Jina langu. Namba ya kadi yangu. Picha yangu. Na chini yake imeandikwa N70.0.

Sikuhitaji mtu wa kunitafsiria, hiyo namba naiandika karibu kila wiki. N70 ni mirija ya uzazi na vifuko vya mayai kuvimba kwa maambukizi. Sifuri ya mwisho maana yake umeanza ghafla. Ingekuwa moja, ungekuwa sugu. Ingekuwa tisa, daktari hakufafanua.

"Huyu sio mimi," nikasema.

"Kadi ni yako?"

"Ni yangu."

"Picha je?"

"Ni yangu, lakini mimi sikwenda huko. Daktari, siku zangu zimechelewa. Naomba nipimwe mimba."

Akasoma tena.

"Kipimo cha mimba ulifanyiwa kule kule Igunga. Hakuna kitu. Na huu ugonjwa unavuruga siku, ni kawaida yake. Dawa hukumaliza, umerudi."

"Nakwambia sio mimi!"

Akanichoka. Akamgeukia mume wangu, si mnajua madaktari wengine, mwanamke akisema anatafuta mwanaume wa kuthibitisha.

"Eti bwana, mkeo alitibiwa Igunga au hakutibiwa?"

Nikamwangalia Damas. Nilikuwa na uhakika atasema hapana, maana wiki nzima iliyopita nilikuwa nampikia mimi, tunalala kitanda kimoja, akiniacha alfajiri akirudi ananikuta. Alitoka siku moja tu kwenda Igunga na asali yake, tena peke yake.

Akajifuta jasho na kiganja.

"Atakuwa amesahau, daktari. Maumivu yamemzidi."

Jamani…

Ezekia akaandika ugonjwa umejirudia, wakanichoma sindano, wakanipa vidonge, nikaambiwa nikapumzike nyumbani.

Kwenye bajaji nilimuuliza.

"Damas, nani katumia kadi yangu?"

"Poli, tutaongea ukipona."

"Ni mwanamke gani?"

"Pumzika kwanza, mke wangu."

Mke wangu! Nikageuza uso nikaangalia barabara. Mwanamke ana maambukizi ya mirija, katibiwa kwa kadi yangu, na mume wangu anajua na anamficha. Jumlisheni wenyewe. Mimi nilijumlisha, nikapata jibu lile lile mnalolipata nyie sasa hivi.

Nilimeza vile vidonge nalia. Sikulia tumbo.

Asubuhi Damas akaenda kufungua duka lake. Kabla hajatoka alinichemshia chai na kuniwekea karibu, kaniuliza kama nimepata nafuu. Nikajifunika shuka.

Nikatoka uani kuchota maji. Bega la kulia likaanza kuuma, nikashangaa, bega tena na tumbo wapi na wapi? Halafu nikaona ukuta unazunguka.

Kilichofuata nilihadithiwa. Jirani yangu, mama Adinani, alisikia ndoo imeanguka, akachungulia, akanikuta chini. Akasimamisha bajaji, akabeba mkoba wangu, akanipakia na kanga aliyojifunga, mbio hospitali nyingine, ile kubwa kidogo.

Nilizinduka nimelazwa, mwanamke wa makamo kaniinamia. Dokta Kabula. Mkononi ana karatasi za jana alizotoa mama Adinani kwenye mkoba wangu.

"Hapa inaonyesha una maambukizi ya mirija, yamejirudia," akasema. "Tutakuwekea dripu ya dawa zenye nguvu zaidi."

Nikamshika koti.

"Dokta. Mimi kazi yangu ni hizo kodi. Hiyo karatasi imefuata rekodi ya mtu mwingine. Nakuomba… nipime kama mtu ambaye hujasoma chochote juu yake."

Akaniangalia kidogo. Halafu akaiweka ile karatasi chini ya mto wangu, akaanza upya.

"Siku zako mara ya mwisho lini?"

"Zimechelewa."

"Unaumwa wapi pengine?"

"Bega."

Alivyosikia bega, uso ulibadilika. Akaita nesi walete kipimo cha mkojo na altrasaundi hapo hapo kitandani.

Haikuchukua muda.

"Dada, una mimba," akasema. "Imetunga kwenye mrija, sio kwenye kizazi. Mrija umepasuka. Damu inamwagikia tumboni tangu nadhani jana, ndiyo maana na bega linauma. Tunakuingiza chumba cha upasuaji sasa hivi."

Miaka mitano, nyie… Miaka mitano nafunga, nasali novena, nakunywa mizizi ya huyu na ya yule. Siku ninayoambiwa nina mimba ndiyo siku hiyo hiyo naambiwa inaniua.

Nilipoamka mrija wa kulia haukuwepo. Mtoto hakuwepo tangu mwanzo, maana pale alipokaa hakuwa na pa kukulia, hilo nalielewa. Ila Dokta Kabula aliniambia kitu ambacho mpaka leo kinanirudia nikiwa napika, nikiwa kazini, popote.

"Ungepimwa jana, mrija tungejaribu kuuokoa."

Jana. Jana nilikuwa kitandani naomba nipimwe, na mume wangu kasimama pembeni.

Damas alikuja analia. Nikamwambia nesi amtoe.

Kesho yake mchana wakaingia mama yangu mzazi na mdogo wangu Advera. Wametoka kwetu Igunga na basi la asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope. Mama ana chupa ya uji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole. Pole sana."

"Shikamoo dada," Advera akasema. Hakuinua macho.

Nikamwangalia mdogo wangu. Niwaambie kitu kuhusu Advera. Tumefuatana, na tumefanana mpaka watu wanatuchanganya. Ile picha ya kwenye kadi nilipigwa zamani, bado mwembamba. Ukiiweka pembeni ya Advera wa sasa hivi, utaapa ni yeye.

Na alikuwa kashika tumbo la chini.

Nikajiinua kwenye mto.

"Ni wewe," nikasema.

Akapiga magoti pale kwenye sakafu ya wodi, watu wanaangalia.

"Ni mimi dada. Nisamehe."

"Wewe na Damas."

"Hapana! Haki ya Mungu dada, sio shemeji. Shemeji hajanigusa."

"Advera, usinifanye mtoto."

Mama akaweka chupa ya uji chini.

"Usimseme vibaya mumeo," akasema. "Damas ni mtu mwema. Mimi ndiye niliyempigia simu. Mimi ndiye niliyemwambia achukue kadi aje nayo."

Mama akanieleza yote.

Kumbe ilikuwa hivi. Advera aliumwa, homa kali, tumbo la chini haligusiki. Bima hana. Na tayari alikuwa na mchumba, Ngassa, wazazi wake wameshaleta baadhi ya ng'ombe wa mahari, wengine wako njiani. Igunga sio kubwa. Mama akahisi ni mambo ya uzazi, akaona jina la Advera likiandikwa kwenye ugonjwa huo, kabla ya jua kuzama wakwe wameshajua, watasema binti hatazaa, ng'ombe watarudi.

Akampigia mkwewe. Mkwewe akaichomoa kadi kwenye mkoba wangu, akapanda na asali yake. Siku hiyo mashine ya alama za vidole pale kliniki ilikuwa mbovu, wakaangalia picha tu, wakaandika Apolinaria. Damas akasimama kama mume. Akarudi, akairudisha kadi mahali pake, akala chakula nilichompikia.

"Mama," nikasema, "kwa nini jina langu?"

Akanijibu taratibu, wala sio kwa ubaya, na hapo ndipo paliponiua.

"Wewe umeshaolewa, mwanangu. Jina lako halina cha kuharibika."

Sikulia. Niliwaza tu, huyu ndiye aliyenizaa.

Advera bado yuko chini, kajishika tumbo. Kichwa changu, unajua, hata kikiwa na hasira kazi yake hakiachi.

"Bado unaumwa?" nikamuuliza.

"Kidogo."

"Ulimaliza dawa?"

"Nilimaliza zote."

"Sasa huo ugonjwa unatibiwa mke na mume. Dawa za mwanaume walitoa?"

Akavuta upindo wa kanga yake.

"Advera, walitoa au hawakutoa?"

"Walitoa. Walimpa… walimpa shemeji. Si ndiye waliyemjua kuwa ni mume."

"Akampelekea Ngassa?"

Akatikisa kichwa. Mama akadakia, "Ngassa angeambiwa nini? Ndiyo tulikuwa tunaficha."

"Shemeji alizitupa pale Nzega," Advera akasema. "Basi liliposimama."

Mnaona mambo hayo? Mgonjwa katibiwa kwa jina lisilo lake, kwa hiyo na mumewe akawa asiye wake, dawa ikaenda kwa mtu mzima hana hata kikohozi. Na yule mwenye ugonjwa yuko Igunga anadunda, anamwambukiza mdogo wangu upya.

Nikamwambia mama, nikitoka hapa naenda ile kliniki, nasema kadi yangu ilitumiwa, rekodi ifutwe.

Mama akanishika mkono.

"Apolinaria, utamfunga mumeo. Utavunja ndoa ya mdogo wako. Si maandishi tu hayo? Acha yakae."

"Mama, hayo maandishi ndiyo yaliyonilaza hapa."

"Umeshapona."

"Nimebaki na mrija mmoja! Na kila daktari atakayefungua jina langu atasoma nina ugonjwa wa mirija. Nikisema tumbo linauma, atasema si lile lile. Unataka nife mara ya ngapi?"

Mama akaanza kulia. Akasema nimesoma mpaka nimekuwa na roho ngumu. Nikakaribia kulegea, siwadanganyi. Ni mama yangu, na kanisomesha kwa kuuza mchele gulioni.

Aliyemaliza yale maneno ni Advera. Akainuka, akajifuta.

"Mama, basi. Nitaenda na dada. Nitasema mwenyewe."

Nilipotoka wodini tukaenda. Ezekia alikuwepo. Advera akasimama mbele yake, akataja jina lake, akasema mgonjwa wa Igunga ni yeye. Yule kaka alimwangalia yeye, akaniangalia mimi, akaangalia picha, akakaa chini. Akasema, "Pole dada." Alirekebisha mwenyewe, ugonjwa ukatolewa kwenye jina langu.

Advera akapimwa upya kwa jina lake. Bima wakaifungia kadi yangu kwa muda, wakamuita Damas ajieleze, akatozwa gharama zao akalipa. Hakufungwa mtu.

Ngassa je? Advera alimpigia simu akamweleza yote, tumeweka sauti kubwa nasikia.

Ngassa akasema, "Kumbe haukuisha? Mimi nilinunua dawa famasi nikadhani nimepona."

Alikuwa anajua… Anajua anaumwa, anajua kamwambukiza, kanyamaza, kanunua vya kwake, kanywa vya kwake. Na sisi huku tumegawana majina kumlinda yeye asijue!

Advera mwenyewe ndiye aliyesema ng'ombe warudi. Mama hajatusemesha sote wawili mpaka leo.

Sasa nimalize na Damas.

Nilirudi nyumbani, akanipokea. Anafua, anapika, ananichemshia maji ya kuoga. Ndugu wa Ipole wakaja na dumu la asali. Padri akaja. Wote wimbo mmoja, hakutoka nje ya ndoa, alitaka kumsaidia shemeji yake, alifanya kwa heshima ya mama mkwe, msamehe.

Na kweli, kadi nilishamsamehe. Angeniomba ningempa mwenyewe, maana Advera ni damu yangu na hapa kwetu kadi ya mmoja ni ya ukoo mzima, nani asiyejua?

Lakini kulikuwa na swali moja, nikasubiri wageni waondoke.

Tulikuwa tumekaa kibarazani, jua la saa kumi. Anapepeta mchele.

"Damas."

"Naam."

"Pale kliniki, kwa nini ulisema nimesahau?"

"Niliogopa, Poli. Niliona watanikamata pale pale."

"Uliniona navyoumia?"

"Niliona. Nilijua sindano itakusaidia."

"Sawa. Na kama ningekufa, ungewaambia ile rekodi haikuwa yangu?"

Akaacha kupepeta. Akafikiri kweli kweli, na nashukuru safari hii hakunidanganya.

"Ungekuwa umeshakufa," akasema. "Kusema kungesaidia nini?"

Alikuwa ananiangalia kwa upole ule ule wa siku zote. Hakuona kama kasema neno baya.

Niliinuka, nikaingia ndani, nikamkunjia nguo zake vizuri kwenye begi. Kesho yake alipanda gari la Sikonge akaenda kwao Ipole.

Wapo wanaoniambia nimeacha mwanaume mpole asiyechepuka kwa sababu ya sentensi moja. Ndiyo, nimemwacha kwa hiyo.

Wewe unayesoma hapa, kadi yako usimwazime mtu hata akiwa mama yako, mpe nauli, mpe hela ya dawa, uza kuku. Ugonjwa wake ukishaandikwa kwako, siku yako ya kuumwa utatibiwa kama yeye.

Na kama kadi yako ilishawahi kutoka mkononi mwako, kesho asubuhi nenda ukaombe usomewe kilichoandikwa kwa jina lako. Nenda na mtu. Ila chagua wa kwenda naye.